Kalori zihesabu kwenye mchele, wali ugawe kwa uzito

Gramu 100 za mchele mweupe zina kalori 360 hivi. Gramu 100 za wali uliopikwa kwa maji matupu zina kalori 130 hivi. Anayeanza kuhesabu chakula chake hukutana na namba hizi mbili kwenye programu ya simu, zote chini ya jina moja la Kiingereza, akachagua mojawapo kwa kubahatisha.

Mimi nilibahatisha kwa wiki tano. Nilikuwa napakua wali, naupima, gramu 250, kisha nauandika kama mchele. Simu inaniambia kalori 900. Kwa mtu aliyejiwekea kalori 1,600 kwa siku, sahani moja ya mchana ikishakula 900, jioni anabaki na nini? Nilipunguza wali hadi ukawa vijiko vya kuonjea. Nikawa nalala na njaa, na ikifika saa kumi jioni mikono inatetemeka kazini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilianza kuuogopa wali, chakula nilichokulia. Sahani ile ilikuwa na kalori 325.

Rafiki yangu alikosea upande wa pili. Alipima mchele mkavu gramu 100 kabla ya kuupika, akauandika kama wali, kalori 130. Akawa anakula 360 huku daftari linasema 130, mchana na usiku, na haelewi kwa nini uzito haushuki. Makosa yetu yote mawili yana dawa moja: kalori unazihesabu mchele ukiwa mkavu, halafu wali ukiiva unaugawa kwa uzito.

Maji ndiyo tofauti

Lugha yetu imeshatusaidia. Shambani kuna mpunga, dukani kuna mchele, sahanini kuna wali, na hakuna mtoto anayechanganya. Kiingereza kinaita vyote rice, na programu nyingi za kuhesabu kalori zimeandikwa na watu wa lugha hiyo. Kwa hiyo kila ukiona neno hilo, jiulize kwanza: hapa wanasema mchele au wanasema wali?

Mchele mkavu una maji asilimia 12 hivi. Wali, karibu theluthi mbili yake ni maji. Maji hayana kalori, na moto hauongezi kalori kwenye punje. Ni kama chai: ukiitia sukari vijiko viwili kisha ukaiongeza maji ikajaa vikombe viwili, sukari ni ileile, ila kila kikombe sasa kina kijiko kimoja. Nusu kilo ya mchele ina kalori 1,800. Ikiiva ikawa kilo moja na gramu 400 za wali, bado ni kalori 1,800, zimetawanyika tu kwenye uzito mkubwa zaidi.

Hiyo 360 unaweza kuipata mwenyewe. Kwenye gramu 100 za mchele mweupe kuna wanga gramu 80 hivi, protini 7, na mafuta chini ya gramu 1. Tangu kazi za Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, wanga na protini huhesabiwa kalori 4 kwa kila gramu, na mafuta 9. Zidisha, jumlisha, utafika kwenye 350 na kitu. Ndiyo maana pakiti moja husema 350 na nyingine 365. Tofauti hiyo ni ndogo, usiihangaikie. Iwe Kyela, iwe pishori ya Mwea, iwe basmati ya Pakistani, kwenye mchele mkavu zote ziko hapohapo.

Kwanza: pima mchele kabla haujaguswa na maji

Chagua mchele wako kama kawaida, toa mawe na chuya, pepeta. Kisha weka bakuli juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina mchele, andika gramu. Baada ya hapo ndipo uoshe. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huosha kwanza, na mchele ulioshwa tayari umebeba maji. Basmati ya biriani iliyolowekwa nusu saa ndiyo mbaya kabisa: imeshakunywa maji ya kutosha, ukiipima wakati huo utadhani una mchele mwingi kuliko ulionao.

Mizani ya jikoni ya kawaida inatosha, ile inayobeba hadi kilo 5 na kuonyesha gramu moja moja.

Pili: jua uzito wa sufuria ikiwa tupu

Hii unaifanya mara moja tu maishani kwa kila sufuria. Pima bila mfuniko. Uzito wa sufuria zangu nimeuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Ile ninayopikia wali wa watu wanne au watano ina gramu 620.

Tatu: andika kila chenye kalori kinachoingia sufuriani

Chumvi, hiliki, mdalasini, maji: achana navyo. Mafuta usiyaache. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na haijalishi ni ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatutii kwa kijiko, tunainamisha chupa. Kwa siku za mwanzo, weka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kumimina na baada ya kumimina. Zilizopungua, zidisha kwa 9. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba nilichokuwa naita "mafuta kidogo" kilikuwa gramu 45, yaani kalori 405.

Tui linahitaji subira zaidi. Ukikuna nazi mwenyewe, kalori za nazi nzima haziingii zote kwenye wali, kwa kuwa sehemu ya mafuta inabaki kwenye chicha. Kwa hiyo usipime nazi. Kamua, chuja, kisha pima tui lenyewe. Tui lililokamuliwa kwa maji ya kiasi, la kawaida la nyumbani, lina kalori kama 230 kwa gramu 100. Tui zito kabisa, lililokamuliwa bila kuongezwa maji, hufika 330. Tui la pili mimi hulikadiria nusu ya la kwanza. Kama unatumia tui la boksi au la unga, soma pakiti, maana yanatofautiana sana: mengine yameongezwa maji hadi yamebaki meupe tu, mengine ni mazito kama krimu.

Nne: pika unavyopika siku zote

Usibadilishe maji wala moto kwa ajili ya hesabu. Kama unapalia makaa juu ya mfuniko, palia. Hesabu ndiyo itakayoufuata wali wako.

Tano: pima sufuria na wali wake, toa, gawanya

Wali ukiiva, ondoa mfuniko, weka sufuria kwenye mizani. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Sufuria ina moto, itaharibu mizani, na sufuria pana hufunika kioo usione namba. Yote mawili yanatatuliwa na bakuli zito la bati: ligeuze kifudifudi juu ya mizani, weka kitambaa kikavu kilichokunjwa juu yake, rudisha sifuri, ndipo utue sufuria. Inanyanyuka, namba zinaonekana, na joto halifiki chini.

Tuchukue wali wa mafuta wa kwangu. Mchele gramu 500: kalori 1,800. Mafuta vijiko viwili: 240. Jumla 2,040. Sufuria na wali vimepima gramu 2,020. Nikitoa 620 za sufuria, wali ni gramu 1,400. Sasa 2,040 gawanya kwa 1,400, unapata karibu 1.46. Kila gramu ya wali huu ina kalori 1.46, au ukipenda, 146 kwa kila gramu 100.

Sita: pakua, pima, zidisha

Sahani kwenye mizani, sifuri, pakua. Zikifika gramu 280, zidisha kwa 1.46: kalori 408 hivi. Basi.

Wali huohuo ukipikwa kwa maji matupu, gramu 280 zingekuwa na kalori 360. Ukipikwa kwa gramu 400 za tui la kawaida, jumla ya sufuria inapanda hadi 2,720. Na kama wali umetoka gramu 1,450, sahani ya gramu 280 ina kalori 525. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mtazamaji akiziweka sahani hizo tatu mezani ataona ujazo uleule, kumbe ya maji matupu na ya tui zimepishana kalori 165. Sisemi haya ili mtu aache wali wa nazi. Nasema ili anayeupika Ijumaa ajue kwamba kilichoongezeka ni tui, asije akaulaumu mchele.

Usiamini "mara tatu"

Kuna njia ya mkato inayozungushwa: chukua uzito wa mchele, zidisha kwa tatu, umepata wali. Kwa makadirio ya haraka si mbaya. Lakini nyumba hazilingani, na hata mchele wa nyumba moja haulingani msimu kwa msimu.

Haya nilifundishwa na mama, naye hajawahi kupima gramu hata moja. Nilikwenda kumsalimia, nikakuta ameletewa mchele wa Kyela uliovunwa si muda mrefu. Nikaosha, nikatia maji kwa kipimo changu cha siku zote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Akatazama sufuria, akaniambia, "Mwanangu, huo mpya huo. Punguza maji, utatulisha bokoboko." Nikamwaga kikombe kimoja. Wali ukachambuka vizuri, na nilipoupima, nusu kilo ilikuwa imetoa gramu 1,250 tu, badala ya 1,400 za kwangu nyumbani. Mchele uliokaa ghalani hunywa maji zaidi. Mpya hunywa kidogo. Hapo gramu 100 za wali mtupu zinakuwa na kalori 144 badala ya 129.

Kwa hiyo, ukinunua gunia au mfuko mpya, fanya hatua zote sita mara moja, andika namba yako, uitumie hadi mfuko uishe. Ukibadilisha mchele, pima upya. Kama wali umezidi maji ukawa bokoboko, namba ya siku hiyo itashuka; ukikauka sana, itapanda. Na ukoko? Kalori zake zimo ndani ya jumla ya sufuria, lakini kwa kuwa umepoteza maji na kunyonya mafuta ya chini, gramu kwa gramu unazidi wali wa juu. Watu wa ukoko wajikadirie kwa mkono mzito kidogo.

Kama huna mizani

Mwenye duka anayo. Mwombe akupimie robo kilo kamili ya mchele. Robo kilo ni kalori 900, bila ubishi mkubwa. Ukifika nyumbani, kabla ya kupika, umimine kwenye kikombe chako cha kila siku uone unajaa vikombe vingapi; sasa kikombe hicho umekijua. Upike wote kwa kijiko kimoja cha mafuta, jumla 1,020. Ukiiva, chukua kibakuli kimoja kidogo, pakua wali wote kwa kibakuli hichohicho ukihesabu, kila mara ukikisawazisha juu. Vikitoka vibakuli 6, kila kimoja ni kalori 170. Kuanzia siku hiyo, kibakuli ndicho mizani yako. Usimwazime mtu.

Sinia lina ugumu wake, na sitaki mtu aache kula na wenzake kwa sababu ya hesabu. Nilichofanya mimi: siku mbili tatu, kabla wali haujawekwa kwenye sinia, nilipakua fungu langu kwenye sahani, nikalipima, kisha nikalimimina upande wangu wa sinia nikalitazama vizuri. Jicho linajifunza haraka. Baada ya hapo nilikula na watu kama kawaida, nikiujua mpaka wangu. Kugawanya jumla ya sufuria kwa idadi ya watu ni njia dhaifu, kwa sababu mjomba na mtoto wa miaka saba hawali sawa.

Kwa mama lishe huwezi kujua kilichoingia sufuriani. Mimi huhesabu kalori 160 kwa gramu 100, kwa kudhani mafuta yapo, na mchuzi nauandika kando.

Kusoma pakiti

Namba kwenye pakiti ya mchele kwa kawaida ni za mchele mkavu, isipokuwa kama wameandika kwamba ni za uliopikwa. Walioko Uingereza na Ulaya wawe makini, kwani baadhi ya pakiti huko hutoa namba za wali, na nyingine hutoa zote mbili safu kwa safu. Ukiona gramu 100 zina 340 hadi 365, huo ni mchele. Ukiona 110 hadi 160, huo ni wali. Ukiona 1,500 na zaidi, usishtuke: hizo ni kilojuli, gawanya kwa 4.2. Tunachokiita kalori katika mazungumzo, pakiti hukiandika kcal. Ni kitu kilekile.

Wengi huniuliza kuhusu mchele wa kahawia, ule usiokobolewa sana. Kalori zake zinakaribiana kabisa na za mweupe. Faida yake ni nyuzinyuzi na kushibisha, kwa hiyo ule kwa sababu hiyo, lakini usijipakulie sahani mbili ukidhani una nusu ya kalori.

Kwa wenye kisukari

Njia ni ileile, ila unachofuatilia ni wanga. Mchele mkavu una gramu 80 za wanga kwa kila gramu 100; wali mweupe una 28 hivi. Kuchanganya viwili hivi ni kosa zito kwa anayepiga sindano ya insulini kulingana na wanga anaokula, maana kipimo cha dawa kinaweza kuzidi au kupungua karibu mara tatu. Ukiandika kwenye daftari la kliniki, andika neno kamili: "mchele mkavu gramu 60" au "wali gramu 170". Usiandike namba peke yake, na daktari au muuguzi wako ajue unapima kipi kabla hajakupangia dozi.

Vyakula vingine

Vyote vinavyokunywa maji vinakwenda kama mchele. Maharage makavu yana kalori 340 hivi kwa gramu 100, yakichemshwa yanashuka hadi 130 hivi. Tambi kavu 370, zilizoiva 158. Unga wa sembe hesabu mkavu, kabla haujawa ugali. Nyama inakwenda kinyume: inapoteza maji jikoni. Kidari cha kuku kibichi kina 120 kwa gramu 100, kikiiva kinafika 165, na bado ni kuku yuleyule aliyepungua uzito. Kwa hiyo kwenye pilau, mimi hutoa nyama na kuihesabu pembeni, kisha wali na viazi vyake nikavihesabu kwa njia ya sufuria. Mifupa haitaniharibia mgawanyo.

Kiporo

Wali uliobaki, usiache usiku kucha juu ya jiko. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na sumu wanayoitoa wali ukikaa kwenye joto haiondoki hata ukiupasha. Utandaze upoe upesi, uweke kwenye friji. Ukikaa humo hupoteza maji kidogo na kuwa mkavu, hivyo ni bora upime fungu la kesho usiku huohuo, wakati namba yako ya sufuria bado ni sahihi, na uandike juu ya chombo: wali gramu 200, kalori 292. Asubuhi unaupasha, unakula na chai. Kama umeukaanga kwa vitunguu, ongeza kalori za mafuta ya kikaangoni, kijiko kwa kijiko.